Meli ya mlango: tathmini ya INS Kesari na mafunzo iliyowaletea Wanamaji wetu

Aprili 2025 bandari ya Dar es Salaam ilipokea meli mbili za kivita za India, INS Chennai na INS Kesari, zilizokuja kwa zoezi la AIKEYME ambalo Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliandaa kwa pamoja na Jeshi la Wanamaji la India kuanzia tarehe 13 hadi 18. Abiria wenzangu kwenye pantoni walikuwa wakiinyooshea vidole Chennai, kwa kuwa ni manowari ya makombora na umbo lake linavuta macho. Mimi nilikuwa nikiitazama Kesari. Nimefanya kazi miaka 19 kwenye vyombo vya mlango, vile vinavyobeba saruji, nondo na magari kwenda Mafia na Kilwa, na tathmini hii naiandika kama mtu aliyekula mkate wake kwa mlango unaofunguka upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Swali ninalolijibu ni moja: je, meli ya namna hii, pamoja na mafunzo yanayokuja nayo, inatufaa sisi wenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400?

Kwanza chombo chenyewe. Kesari ilijengwa Kolkata na kuanza kazi mwaka 2008. Ina urefu wa takriban mita 125, uzito wa tani zaidi ya 5,600, na imeundwa kubeba vifaru 11 na askari wapatao 500, pamoja na mashua ndogo za kushushia watu na uwanja wa helikopta upande wa tezi, yaani nyuma. Hizo ni takwimu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Thamani yake niliiona kwa macho ilipokuwa ikipita kwenye lango la bandari, wakati pantoni yetu imesimama upande wa Magogoni kuipisha. Katikati ya omo kuna mstari wa wima unaoonyesha mahali mbawa mbili za mlango zinapokutana, na namba za kina zilizochorwa ubavuni zilionyesha kwamba omo imezama pungufu kuliko tezi. Asiyejua atadhani meli imepakiwa vibaya. Ukweli ni kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani ufuko unapanda polepole kuelekea nchi kavu, na chombo kinachotaka kuugusa bila kujivunja lazima kiwe na mteremko unaofanana nao chini ya maji.

Kuleta meli ufukoni ni kazi inayoonekana nyepesi kwa aliye nchi kavu. Nahodha huangusha nanga ya tezi akiwa bado mbali, akaiachia minyororo au waya wakati meli inasonga mbele, kisha omo inapogusa mchanga anaendelea kuzungusha mashine taratibu ili mkondo usimgeuze ubavu. Akimaliza kushusha, nanga ile ile ndiyo inayomvuta kurudi kwenye kina. Akiiangusha karibu mno haitashika. Akiiangusha mbali mno waya utaisha kabla hajafika. Na juu ya yote hayo kuna maji. Hapa kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huzidi mita 3, na anayetua maji yakiwa yameanza kutoka anajitafutia usiku mrefu.

Nalijua hilo kwa kuwa lilinipata. Mwaka mmoja, tukiwa na shehena ya saruji kusini mwa Kilwa, mwenye mzigo alitusukuma tutue bila kungoja maji yajae, nami nikakubali. Tulifungua mlango vizuri, lori la kwanza likashuka, la pili likazamisha matairi kwenye mchanga laini ambao hakuna aliyekuwa ameukanyaga mapema kuupima. Tulipokuwa tukilichimbua kwa majembe, maji yalitukimbia. Chombo kililala kikiwa kimeinama upande mmoja kwa zaidi ya saa sita, mifuko ikiteleza, na mvua ya usiku ikanyesha juu ya saruji iliyokuwa imeshafunuliwa. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo siamini kutua kokote ambako hakukutanguliwa na mtu aliyeingia majini na mti wa kupimia.

Ndiyo maana naipa Kesari alama za juu kwa jambo moja hasa: haihitaji gati. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga njia nyingi, meli hii hii ilipeleka chakula, dawa na madaktari Maldivi, Mauritius, Shelisheli, Madagaska na Komoro. Meli iliyojengwa kwa ajili ya vifaru iligeuka kuwa ghala na zahanati bila kubadilishwa kitu, kwa sababu sitaha ya vifaru ni uwanja mpana mtupu ambao hubeba chochote unachoweza kukisogeza kwa magurudumu au mabegani.

Mwaka mmoja kabla ya Kesari kutujia tulishaona aina nyingine. Katika zoezi la Amani Umoja 2024, lililofanywa na China, Tanzania na Msumbiji kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti, China ilileta meli za Wuzhishan na Qilianshan. Hizo ni kubwa zaidi, zenye urefu wa takriban mita 210, nazo hazigusi ufuko kabisa. Hubaki kwenye kina, zikaingiza maji kwa makusudi ili sehemu ya tezi izame kiasi, kisha hufungua lango la nyuma na kutoa vyombo vidogo vinavyokwenda pwani na kurudi, kama mama anayekaa nje ya mwamba akituma watoto sokoni. Kwa nguvu, kwa ukubwa na kwa usalama wa meli yenyewe, njia hiyo inaishinda ya Kesari. Lakini ni njia ya mwenye fedha nyingi, na sioni sababu ya nchi yetu kuitamani. Kilicho karibu na uwezo wetu ni Kesari iliyopunguzwa, chombo cha mita 50 au 60 chenye mlango wa mbele na kina kidogo, kinachoweza kuingia mahali ambapo meli ya mita 125 isingethubutu.

Sasa mafunzo, ambayo ndiyo huduma hasa tuliyopewa. Ratiba ya AIKEYME ilikuwa na sehemu ya bandarini, ambamo maofisa walifanya mazoezi ya mezani kuhusu uharamia na kupeana taarifa, na sehemu ya baharini iliyohusu utafutaji na uokoaji, kupanda na kukagua meli zinazotiliwa shaka, kulenga shabaha kwa silaha ndogo na kazi za helikopta. Mataifa ya pwani hii yalishiriki, yakiwemo Kenya, Msumbiji, Komoro, Madagaska, Shelisheli na Afrika Kusini. Kwa upande wa kupanda na kukagua meli sina la kupinga. Wanaosafirisha dawa za kulevya kwa majahazi wanapita kwenye maji yetu, na kijana anayejua kupanda ngazi ya kamba huku mashua inarukaruka ni hazina. Kwa upande wa uokoaji ndiyo kabisa, maana hatujawasahau waliozama na Spice Islander Septemba 2011.

Nilichokikosa katika ratiba iliyotangazwa ni kutua ufukoni. Meli ya mlango imesafiri kutoka India mpaka Dar es Salaam, na sikuona mahali palipoandikwa kwamba mlango huo ungefunguliwa kwenye mchanga wetu, mbele ya vijana wetu wa kambi ya Wanamaji ya Kigamboni, wakiwa wao ndio wanaopima ufuko, wanaotoa ishara za mikono kumwongoza nahodha, na wanaotandika mbao ili lori lisizame. Huo ndio ujuzi ambao haujifunzwi kwa kuangalia, na hautoki mezani. Kamandi ya Wanamaji, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, ina vyombo vidogo vya mlango vya muundo wa Kichina. Mwenyeji akileta vyombo vyake na mgeni akileta Kesari, somo lilikuwa limeshajitengeneza lenyewe.

Kinyume chake, jambo lililofanywa vizuri kuliko yote halikupewa uzito wa kutosha. Pamoja na zoezi hilo India ilituma meli ya doria INS Sunayna ikiwa na wanamaji 44 kutoka nchi tisa, Tanzania ikiwemo, walioishi na kufanya kazi melini pamoja na mabaharia wa Kihindi. Mtu akila, akalala na kushika zamu melini kwa wiki kadhaa anarudi akijua namna amri inavyopita kutoka darajani hadi kwenye chumba cha mashine, na namna makosa yanavyorekebishwa bila kelele. Ziara ya siku sita haimfikishi huko. Ningeongeza idadi ya vijana wa namna hiyo kabla ya kuongeza idadi ya meli zinazokuja kutia nanga.

Pwani hii ina ushahidi wake kuhusu kutua bila kujiandaa. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, wengi wao wakiwa wamechoshwa na wiki kadhaa za bahari na hawajawahi kufanya mazoezi ya kutua pamoja, na kikosi cha Wajerumani chenye askari wapatao elfu moja kikawarudisha melini. Watu hupenda kusimulia habari za nyuki waliowashambulia, nami nimeisikia tangu utotoni, lakini nyuki hawakuwatuma watue kwenye mikoko. Upande wa pili, Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika na wakishirikiana na jeshi la Komoro, walivuka bahari na kutua Anjouan, na kisiwa kikarejea chini ya serikali ya Muungano wa Komoro. Kwa hiyo kutua ng'ambo si jambo geni kwa jeshi letu.

Lakini hoja yangu kubwa haiko vitani. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, katika msimu ambao Rufiji ilikuwa tayari imefurika, na mvua zilizofuata zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Malori yalipanga foleni pande zote mbili za shimo. Nilikuwa nikipigiwa simu na wafanyabiashara wa Kilwa wakiuliza kama kuna chombo chochote chenye mlango kinachoweza kupeleka unga na mafuta, na kila nilipokuwa nikijibu nilikuwa nikiwaza kwamba ufuko upo, bahari ipo, na kinachokosekana ni chombo na watu waliozoezwa kukileta pwani kusi likivuma. Siku ya namna hiyo meli ndogo ya mlango yenye kikosi kilichofundwa ingekuwa na maana kuliko manowari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kesari kama chombo naisifu bila kusita, kwa sababu ni meli ya kazi nyingi, iliyothibitika katika misaada, na inayofungua njia pasipo na bandari. Kama kitu cha kununua, ni kubwa kupita haja yetu. Mafunzo yaliyokuja nayo ni mazuri kwa doria na uokoaji, pungufu kwa kutua. AIKEYME, neno la Kisanskriti, lina maana ya umoja, kama lilivyo jina la zoezi la Wachina. Na kwa kuwa marafiki wote wawili wametujia na neno hilo hilo, tuna haki ya kuwaambia tunachokihitaji. Zoezi lijalo liwekwe Mei, siyo Aprili wala Julai, na ufuko uwe wa kusini, kati ya Mafia na Kilwa. Siku mbili za kwanza zitumike kupima kina na mchanga, wapimaji wakiwa Wanamaji wetu pamoja na wavuvi wa pale, maana hao ndio wanaojua fungu la mchanga limehamia wapi baada ya mvua. Siku ya tatu mlango ufunguliwe wakati maji yanajaa, na kinachoshuka kisiwe kifaru, bali lori la unga, tangi la maji safi na jenereta ya zahanati, na nahodha wa chombo cha kwanza kugusa mchanga awe kijana kutoka Kigamboni.