Yamaha DT125 au Honda XL125: pikipiki kuukuu ipi ya kufufua ukiwa Tabora?
Zote utazikuta chini ya mwembe, tairi zimepasuka, kabureta imeziba.

Kwa gharama ya injini, Yamaha ina nafuu. Ni ya mipigo miwili (two-stroke), haina valvu, yaani milango ya hewa na moshi, kichwani mwa injini. Mara nyingi pistoni mpya, ringi na kuchonga silinda vinatosha. Lakini inakunywa oili pamoja na petroli. Oili ikikatika pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda, na hapo uko kwenye njia ya Sikonge, jua la saa nane, peke yako.

Honda ina valvu na cheni ya ndani ya kuziendesha, fundi atadai zaidi. Ikishapona hula petroli kidogo, na safari ndefu mimi naiamini. Matairi, breki: gharama hazipishani sana.

Unafuata asali porini? Honda. Mizunguko ya mjini, mfuko mwembamba? Anza na Yamaha.