Hero na Banjo: Uchambuzi wa Wapiganaji Wawili wa Nyongeza katika Super Smash Bros. Ultimate

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika chaneli hii. Super Smash Bros. Ultimate, mchezo wa video wa mapigano unaowakutanisha wahusika wa michezo mingi tofauti, ilitoka Desemba 2018 kwa ajili ya Nintendo Switch, na mengi kuihusu mnayafahamu, kwa hiyo sitazungumzia idadi ya viwanja wala namna ya kuruka. Leo ninataka tutazame jambo linalonifurahisha na kunikera kwa pamoja: jinsi nafasi za kikosi, hasa za wapiganaji wa nyongeza wanaouzwa kando, zinavyogawanywa ili Japani iridhike, Marekani iridhike, na Ulaya nayo isinune.

Mfano bora ni tangazo la tarehe 11 Juni 2019, ambapo Nintendo ilitambulisha wapiganaji wawili katika matangazo yale yale. Kwanza alikuja Hero wa Dragon Quest, mfululizo wa michezo ya Kijapani ambamo watu hupigana kwa kupokezana zamu na kuchagua amri katika orodha, kisha baadaye wakaja Banjo na Kazooie, yule dubu na ndege wake wa mgongoni. Aliyekaa Tokyo na aliyekaa Texas walitazama onyesho moja, lakini kila mmoja alishangilia kwa wakati wake. Dragon Quest ilianza mwaka 1986 na ni mali ya kila nyumba huko Japani, ilhali Amerika Kaskazini iliuzwa kwa miaka mingi kwa jina la Dragon Warrior, na mfululizo wake mkuu ulifika Ulaya mwaka 2006 tu, kwa sehemu ya nane. Banjo-Kazooie ni kinyume chake kabisa: ilitengenezwa na Rare, kampuni ya Uingereza, ikatoka mwaka 1998 kwa Nintendo 64, na mashabiki wake wakubwa wako Magharibi. Kwa kuwa Microsoft iliinunua Rare mwaka 2002, kumrudisha dubu huyo kulihitaji ridhaa ya mshindani anayeuza Xbox.

Hesabu hiyo ni rahisi, na ingekuwa imeishia hapo nisingerekodi video hii, maana kugawa mmoja wa huku na mmoja wa kule ni kazi anayoiweza karani yeyote. Kinachonivutia kimo ndani ya Hero mwenyewe. Tazameni skrini ya kuchagua mpiganaji: ninapobadilisha vazi, sibadilishi rangi tu, bali ninampata mtu mwingine. Huyu wa kwanza anatoka sehemu ya kumi na moja, iliyokuwa mpya wakati huo na ambayo toleo lake la Switch lilikuwa limepangwa kutoka Septemba ya mwaka ule ule, kwa hiyo biashara ilishika nafasi yake mapema. Wa pili anatoka sehemu ya tatu ya mwaka 1988, na huyo ndiye anayewatoa machozi Wajapani wenye umri wa kuwa na watoto wakubwa. Wa tatu ni wa sehemu ya nne. Wa nne ni wa sehemu ya nane, yaani ile ile iliyowafikia Wazungu wengi kwa mara ya kwanza. Nafasi moja ya kikosi imebeba vizazi na mabara tofauti, na hakuna aliyelazimika kumpisha mwenzake.

Sasa naomba mvumilie, kwa sababu hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu. Ninashusha kijiti na kubonyeza kitufe cha mashambulizi maalumu. Mnaona dirisha dogo lililofunguka kando ya mpiganaji? Lina amri nne, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 21, na mchezo hausimami kunisubiri nisome. Adui anakimbia kuja kwangu huku mimi ninapandisha na kushusha alama ya kuchagulia. Nimepata Heal, inayopunguza majeraha; Bang, ambayo ni mlipuko; Zoom, inayonirusha juu; na Hocus Pocus, ambayo inaweza kunifanya jitu au kunilaza usingizi mbele ya mtu mwenye rungu. Ngoja nijaribu hiyo ya mwisho. Naam, nimelala. Tazameni ninavyopigwa.

Ninafunga dirisha kwa kitufe cha ngao, ninalifungua upya, na orodha imebadilika. Safari hii ipo Kamikazee, inayomlipua adui pamoja na mimi mwenyewe, na ipo Magic Burst, inayomaliza nguvu zote za uchawi zilizobaki katika kipimo hiki kinachoanzia 100. Angalieni kipimo hicho kinavyojaa taratibu, na kinavyojaa haraka zaidi ninapompiga adui kwa upanga wa kawaida. Hiyo ina maana kwamba mchezaji wa Hero hawezi kujificha mbali na kurusha uchawi siku nzima. Lazima asogee, apigane, akusanye, kisha asimame katikati ya vurugu na kusoma orodha kama mtoto wa Osaka aliyekaa mbele ya Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya zamani, mwaka 1988. Aina ile ya mchezo wa kupokezana zamu, ambayo Wamarekani wengi waliiona kuwa ya polepole, imeingizwa nzima nzima ndani ya mchezo wa ngumi, na ghafla inatisha.

Si kila mtu alifurahi. Mashambulizi yake makubwa ya upanga yana nafasi moja kati ya nane ya kutoa pigo la ziada, na wachezaji wa mashindano wa Australia Kusini walimpiga marufuku wakidai kwamba bahati imezidi ustadi. Ninaelewa hoja yao, ingawa naona kwamba walimhukumu mgeni kwa desturi za kwao.

Banjo ni mtamu kumtazama, na muziki wa uwanja wake ulipangwa upya na Grant Kirkhope, mtunzi wa asili. Wonderwing, lile shambulizi la manyoya ya dhahabu linalotumika mara tano tu kwa kila uhai, ni zuri pia. Hata hivyo ninapomcheza ninahisi kwamba nimepewa kumbukumbu iliyofungwa vizuri, na mtu asiyekuwa na Nintendo 64 utotoni anaachwa nje ya furaha hiyo.

Historia ya mfululizo huu inaonyesha kwamba mgeni asiyejulikana anaweza kufungua soko. Mwaka 2001, Melee, toleo la awali la Smash, iliwaleta Marth na Roy, wapiganaji wa panga wa mfululizo wa Fire Emblem, wakati hakuna hata sehemu moja ya Fire Emblem iliyokuwa imeuzwa nje ya Japani, na wakaachwa waseme Kijapani hata katika toleo la Marekani. Mwaka 2003, Fire Emblem ikaanza kuuzwa Magharibi. Tatizo ni kwamba mlango ukifunguliwa hivyo haufungiki: alipotangazwa Byleth, mwingine wa Fire Emblem, Januari 2020, Fire Emblem ilifikisha wapiganaji wanane, na hapo hata mimi mpenzi wa panga nilichoka.

Washindani nao wamejaribu. Sony, katika PlayStation All-Stars Battle Royale ya mwaka 2012, iliwaweka pamoja Kratos, shujaa wa God of War, na Toro, paka anayependwa Japani, lakini kikosi cha watu 20 hakitoshi kuridhisha dunia. Mwaka huo huo Street Fighter X Tekken, mchezo wa mapigano unaokutanisha mifululizo hiyo miwili, ilitoka, na Elena, Mkenya wa Street Fighter aliyebuniwa mwaka 1997, akawa miongoni mwa wapiganaji 12 waliouzwa kando ilhali data zao zilikuwa tayari ndani ya diski. Yaani Mkenya pekee anapigana kapoera ya Brazili, na bado alikuwa wa kulipiwa zaidi. Watazamaji wa Nairobi mmeniandikia sana kuhusu Elena, kwa hiyo video ijayo ni yake peke yake, na waliojiandikisha na kubonyeza kengele wataipata kwanza.

Tumalizie na bei. Kifurushi cha kwanza chenye wapiganaji watano, akiwemo Byleth, ni dola 24.99, na mpiganaji mmoja mmoja pamoja na uwanja na muziki wake ni dola 5.99. Mwenye mapenzi na Rare amnunue dubu bila kuniuliza. Kwa wengine wote wenye fedha ya mmoja tu, nunueni Hero, mkaanze naye dhidi ya kompyuta kabla ya kuingia mtandaoni, kwa sababu ile orodha inahitaji macho yaliyozoea.