Nguo za baridi kwa baiskeli, Nakuru hadi Kisumu: za kununua na za kuacha dukani

Nguo nyingi za baridi za baiskeli zimeshonwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani kukiwa na nyuzi 3, akaendesha saa nne katika nyuzi 3, akarudi kukiwa bado nyuzi 3. Barabara yetu haiko hivyo. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi. Unapanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, karibu mita 2,500, unateremka kuelekea Kericho penye mvua, kisha Awasi, Ahero na Kisumu kwenye mita 1,130 penye joto la ziwa. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.65 kila ukipanda mita 100, kwa hiyo ukilinganisha Kisumu na Timboroa, iliyo kwenye barabara ya Eldoret juu ya mita 2,700, tofauti ni nyuzi 10 kabla hata tone la mvua halijaanguka.

Lakini kupanda hakumgandishi mtu, kunamtoa jasho. Baridi inaanza pale mteremko unapoanza, jezi ikiwa imelowa na miguu imeacha kukanyaga. Hewa ya nyuzi 10, ukishuka kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi huisikia kama nyuzi 5 au 6, na hapo ni ngozi kavu. Ndiyo maana nguo zote hapa nimezipima kwanza kwa swali moja: inavulika upesi na kuingia katika mfuko wa nyuma wa jezi? Isipoingia, utaibeba mwilini hadi Ahero ikikupika.

Kizibao cha upepo, ambacho wauzaji wengi hukiita jileti, ndicho kifaa bora kuliko vyote kwa njia hii, na ndicho cha kununua kwanza. Kizuri kina kitambaa kisichopitisha upepo kifuani na mabegani, na wavu mgongoni ili jasho litoke. Uzito wake ni gramu 80 hadi 120, na kikikunjwa ni kama chungwa. Jaribu kitambaa cha mbele kwa kukibana mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita kwa urahisi, rudisha. Angalia zipu pia. Inayofunguka kutoka juu na kutoka chini ni bora, kwa sababu unaweza kuifungua sehemu ya chini kufikia mifuko ya jezi bila kuachia kifua wazi. Kishikio chake kifungwe uzi mzito wa sentimita 4 au 5, vidole vyenye glavu vikipate. Kizibao kiwe cha kubana. Kikipwaya hupepea, na kila kinapopepea kinavuta hewa baridi ndani na kutoa ile uliyokwisha kuipasha moto.

Kinafungwa kabla ya kushuka, si katikati. Wengi hukosea hapa. Simama Mau Summit, funga zipu hadi shingoni, vaa glavu, ndipo uachie baiskeli. Ukirudi upande wa Nakuru sheria hiyo inazidi uzito, maana ule mteremko mrefu wa kuelekea Salgaa una malori yanayoshuka kwa gia nzito, mengine breki zikinuka moshi, na si mahali pa kutoa mkono kwenye usukani kutafuta zipu.

Asiye na kizibao anunue gazeti. Kurasa nne za Taifa Leo zilizokunjwa mara moja, zikawekwa chini ya jezi kutoka kwenye mtulinga hadi kitovuni, huzuia upepo vizuri sana. Hudumu mteremko mmoja, labda miwili, kisha hulowa jasho na kukatika. Litupe kwenye pipa la hoteli utakaposimama kunywa chai, si kando ya barabara.

Castelli Gabba imejengewa sifa kubwa na mbio za Milano–Sanremo za mwaka 2013, zilizokutwa na theluji. Waendesha baiskeli wa timu zenye wadhamini wengine waliivaa wakiwa wameifunika nembo. Ni jezi ya mikono mifupi, kitambaa kinachovutika, kinachozuia upepo wote na mvua nyepesi, yenye mkia mrefu nyuma wa kukinga maji ya gurudumu. Sifa hizo ni za kweli. Ila mishono yake haijazibwa, hivyo mvua kubwa ya Kericho itaingia, na haivuliki ukaendelea na safari, kwa sababu yenyewe ndiyo jezi. Baina ya Awasi na Kisumu alasiri utajuta. Ninaipendekeza kwa aina mbili tu za watu: anayeendesha zaidi upande wa Timboroa, Eldoret na Iten, asiyeshuka kabisa kwenye joto, na anayejiandaa kwa Paris–Brest–Paris, safari ya baiskeli ya Ufaransa ya kilomita 1,200 kwa saa 90, ambako usiku wa Agosti huko Bretagne unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Anayetaka Nakuru–Kisumu tu, kizibao na soksi za mikono (mikono ya nguo inayovaliwa na kuvuliwa peke yake) vitamfaa kuliko Gabba, kwa fedha kidogo.

Sasa jaketi la mvua. Vilima vya chai vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua ya kule hupenda alasiri. Jaketi lililosifiwa kuliko yote ni la Gore-Tex Shakedry, ambalo utando wake, lile tabaka jembamba linalozuia maji na kupitisha jasho, ulikuwa nje, bila kitambaa cha juu, hivyo maji yaliteleza badala ya kunyonywa. Gore wameacha kulitengeneza, na unalolipata sasa ni la dukani lililobaki au la mitumba. Ukilipata, usilivalie begi mgongoni: mikanda husugua utando hadi utoboke.

Kwa wengi jaketi litatoka mitumba, na Kibuye pale Kisumu ni mahali pazuri pa kutafuta, hasa Jumapili. Jaketi za kukimbia ni nyingi kuliko za baiskeli, na zina kasoro moja: zimekatwa fupi mgongoni na mikononi. Livae, inama kama umeshika usukani kwa chini, nyosha mikono mbele. Kiuno kikiwa wazi au kifundo cha mkono kikionekana, liache. Kisha ligeuze ndani nje. Tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka kwenye bega hata kwa sentimita mbili, maji yatapita papo hapo, na gundi ya kawaida haishiki. Pitisha kucha juu ya utando. Ukitoa unga mweupe au vipande kama ngozi iliyochunika, umekwisha kufa na hakuna dawa. Vuta lastiki za mikono karibu na sikio: zikilia kama majani makavu, zimeoza.

Fundi wa cherehani anaweza kulipunguza jaketi, lakini mwelekeze wapi pa kushona. Apunguze kwenye pindo la chini na ubavuni chini ya kwapa, asiguse mabega wala kofia, kwa kuwa kila tundu la sindano ni njia ya maji. Kulifua, tumia sabuni ya kawaida ya maji kidogo, suuza mara mbili au tatu, usitie kilainisha nguo. Kilainisha huziba matundu ya utando na kuufanya uso wa nje unywe maji. Likikauka, lipige pasi ya moto mdogo ukiweka kitambaa chembamba katikati. Joto hilo hurudisha uwezo wa matone kuteleza, jambo ambalo kuanika peke yake hakulifanyi.

Na jaketi la nailoni la bei rahisi lisilopumua? Mimi silidharau hata kidogo. Ndani utalowa jasho, ndiyo, lakini upepo hautaingia, na mteremko wa Kericho unahitaji hilo kwanza. Likiingia mfukoni, linalishinda jaketi zito la wapanda milima ambalo linapumua vizuri ila halina pa kukaa likivuliwa.

Glavu ndizo wengi wanazifanyia uchumi, ilhali ndizo zenye hatari halisi. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kimekamata breki kwa nguvu gani. Breki za rimu zikilowa, mzunguko wa kwanza wa gurudumu hufuta maji tu; ushikaji unakuja baadaye, na kwenye rimu za kaboni huchelewa zaidi. Kwa hiyo unapaswa kugusa breki kidogo kidogo mapema kabla ya kona, kazi inayotaka vidole vyenye hisia. Breki za diski hazina ucheleweshaji mkubwa hivyo, lakini changarawe na udongo mwekundu unaochanganyika na maji hula pedi za resini upesi. Kwa safari ndefu msimu wa mvua, chagua pedi za metali. Zina kelele, zina maisha. Kabla ya kulala siku ya mvua, osha rimu au diski kwa maji safi na uchomoe mchanga uliokwama kwenye pedi kwa ncha ya kisu.

Glavu nene zenye pamba ndani ziache dukani. Zikilowa zinabaki hivyo siku nzima, na bitana hutoka na kidole unapozivua, kisha hazirudi. Pangilia hivi: glavu nyembamba za mpira wa nitrili za duka la dawa ndani, glavu za vidole virefu zisizo nene juu yake. Mpira huzuia upepo na maji, kitambaa cha juu huleta mshiko. Mikono itatoa jasho, lakini jasho la moto. Chukua jozi mbili za nitrili, maana huchanika, na uziweke kwenye mfuko wa plastiki wenye kufungika. Jaribu mpangilio huo nyumbani kwanza: kama glavu ya juu inabana, damu haitapita, na utapata baridi kuliko asiyevaa chochote.

Soksi za mikono na za magoti sina mengi ya kusema. Nunua zenye manyoya mepesi ndani na ukanda wa silikoni juu. Soksi ndefu za mpira wa miguu zilizokatwa kwenye kifundo hufanya kazi ile ile mkononi, isipokuwa huteleza. Pinda ncha ya juu mara moja ndani na uishone lastiki. Magoti ufunike kila hewa inaposhuka chini ya nyuzi 15.

Miguuni, usitarajie ukavu. Katika mvua ya saa moja maji huingia kupitia juu ya kifuniko cha kiatu, yakifuata mguu. Kifuniko cha neopreni kina kazi ya kuyaweka maji hayo moto tu. Kabla ya kukinunua, ziba kwanza matundu ya hewa kwenye soli ya kiatu kwa utepe mzito kutoka ndani. Hilo peke yake linapunguza sana baridi ya vidole. Soksi ziwe za sufu.

Kuna Arimis, ile mafuta ya kukamulia inayopatikana katika kila duka la kijiji kutoka Molo hadi Muhoroni. Ikipakwa nyembamba kwenye miguu isiyofunikwa, maji huteleza na ngozi hupungukiwa na kupozwa na upepo. Ni nzuri pia mahali kiti kinaposugua, ingawa huganda kwenye sponji ya suruali. Ifue kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, la sivyo sponji inakuwa ngumu na kuanza kuchubua.

Anayepanga kuingia kwenye mfululizo wa breve, yaani safari za masafa marefu zenye muda wa mwisho, za kilomita 200, 300, 400 na 600 afikirie taa pamoja na nguo. Muda wa mwisho ni saa 13 na nusu kwa 200, saa 20 kwa 300, saa 27 kwa 400 na saa 40 kwa 600. Huku kwetu jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi na ukatumia muda wote wa 200, utamaliza gizani, na kanuni za usiku zinadai taa ya mbele na ya nyuma zilizofungwa kwenye baiskeli pamoja na fulana ya kuakisi.

Fulana ya kuakisi ipo kila stendi: reflekta ya bodaboda. Inaonekana vizuri, tatizo lake ni kupepea. Mpe fundi akate pembeni, aunganishe mbele na nyuma kwa lastiki pana ya sentimita 3, mbili kila upande. Vaa juu kabisa, juu ya jaketi, na hakikisha taa ya nyuma iliyofungwa chini ya kiti haifunikwi na mkia wake.

Taa ya mbele ya lumeni 400 hadi 500 inatosha barabara isiyo na taa, bora mwanga wake uwe umekatwa juu kama wa gari. Zinazofuata kanuni za Ujerumani ziko hivyo. Tochi yenye mwanga wa duara humpofusha dereva wa lori anayepanda, na dereva aliyepofushwa hakuoni. Muulize muuzaji kama taa inawaka huku inachajiwa na pawabanki. Nyingi hujizima au hushuka hadi mwanga wa chini kabisa, na kwa breve ya kilomita 400 hilo ni kasoro ya kuirudishia dukani. Kitundu cha chaji hufunikwa na kizibo cha mpira ambacho hulegea. Kibandike utepe kabla ya Kericho. Dainamo ya kwenye hubu (kitovu cha gurudumu), inayowasha taa gurudumu likizunguka, kama ya SON au Shimano, inaanza kulipa gharama yake kwenye breve ya kilomita 600, lakini gurudumu lazima lisukwe upya na fundi anayejua kulinganisha mvuto wa spoki, na ubebe spoki mbili za akiba za urefu ule ule, kwa kuwa urefu wake hautaupata Londiani usiku.