Seestar S50 hapa Moshi: uzoefu wangu wa kupiga picha nebula

Seestar S50 ni darubini ndogo ya kidijitali ya kupiga picha za anga, unaiendesha kwa simu. Nianze na hili maana watu wengi hawalijui, hii sio darubini ya kuchungulia. Haina kabisa sehemu ya kuweka jicho. Dogo mmoja wa jirani alikuja mbio kuiona, akaizunguka weee, mwisho akauliza "kaka sasa tunachungulia wapi?" nikamuonyesha simu, akanuna akaondoka.

Ila kwa picha za nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi kule kwenye nyota, kwa mtu anayeanza, na hasa kwa mtu anayekaa huku kwetu, mimi nasema ni mashine sahihi na nitakuambia kwa nini. Ukiuliza mtandaoni wote watakujibu nunua stendi ya ikweta, ile yenye chuma cha kusawazisha uzito na inayofuata mzunguko wa anga, ielekeze kwenye nyota ya kaskazini halafu anza kazi. Sawa, ila Moshi tuko digrii 3 na ushee kusini mwa ikweta, hiyo nyota haichomozi kwetu hata siku moja, na hata ingechomoza ingekuwa imefichwa na Mlima. Ncha ya kusini ya anga nayo iko hizo hizo digrii 3 juu ya ardhi, yaani kwenye miparachichi ya jirani, na nyota ya kuitambulisha, Sigma Octantis, ni hafifu mno huioni ukiwa mjini. Alafu stendi nyingi hazijatengenezwa kulala chini kiasi hicho.

S50 haihangaiki na hayo. Inapiga picha ya anga, inalinganisha nyota na ramani yake, ikishajua inaangalia wapi we unagusa jina kwenye apu inageuka yenyewe. Lenzi ina kipenyo cha milimita 50 tu, uzito kama kilo 2 na nusu, inaingia kwenye begi la mgongoni unapanda nayo bodaboda.

Nilianza na nebula ya Orion kwa sababu Januari na Februari anga la huku linakuwa safi na Orion iko juu mapema jioni. Picha ya kwanza ya sekunde 10 ni kaukungu tu, utasema hela imeenda. Tulia. Mashine inaendelea kupiga na kurundika picha moja juu ya nyingine, chembechembe zinapungua, wekundu wa haidrojeni unaanza kujitokeza, baada ya kama dakika 20 mabawa yote mawili yako pale aisee nilipiga kelele mpaka mama akatoka nje. Katikati panaungua panakuwa peupe, hiyo ni kawaida, pale pana mwanga mkali mno kuliko pembeni.

Sasa hapa kuna kitu sikukiona kwenye maelekezo ya mtu yeyote. Mashine ya aina hii inakwenda juu-chini na kushoto-kulia, wakati anga linazunguka, kwa hiyo picha ya mwanzo na ya mwisho hazilali sawa na kona zinakatwa. Lakini kwa sisi tuliokaribu na ikweta kitu kinachochomoza mashariki kinapanda wima moja kwa moja, karibu hakizunguki kabisa kwenye picha. Orion inafanya hivyo hivyo. Basi piga ikiwa bado mashariki, ikikaribia utosini acha, maana pale inazunguka kwa kasi na mashine inahangaika kuifuata, kanywe chai ukisubiri ishuke magharibi.

Nebula ya Carina ni kinyume chake. Iko kusini, hapa haipandi zaidi ya digrii 34 hivi, na inazunguka sana. Tena ni kubwa kuliko fremu nzima, utapata kipande chake, labda uwashe ile hali ya kuunganisha vipande. Kwa hiyo mimi huwa nashuka upande wa Kahe, kule taa za mji zinabaki nyuma yangu na kusini ni giza. Machame kwa bibi nilijaribu, kuna giza zuri ila migomba imefunika anga yote na mawingu ya Mlima hayana ratiba.

Ukiwa mjini washa ile filta ya ndani, inapitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni tu kwa hiyo taa za barabarani zinapungua makali. Na siku umeme ukikatika mtaa mzima unalalamika mimi nabeba mashine natoka nje.

Picha ni pikseli 1080 kwa 1920, kwa simu inatosha sana, ukitaka kuchapisha bango la ukutani hapana. Faili zake unaweza kuzihamishia kwenye laptopu ukazisafisha na programu ya Siril, ni bure.

Bei, ilipotoka 2023 ilikuwa dola 499, ongeza usafiri na ushuru. Kama hamu yako ni kuona pete za Zohali kwa jicho lako hiyo hela katafute darubini ya kuchungulia, ile ya kioo, hii itakuudhi. Kama ni nebula, nunua, ila agiza ikufikie kabla ya Desemba, maana ikija Machi utakutana na masika na ikija Juni ni yale mawingu ya baridi, utakuwa unaifuta vumbi tu.