Jikokapu: Maharage Yaivayo Bila Moto
Kwa nyumba inayohesabu kila kopo la mkaa, jikokapu (kapu lenye mito ya kuhifadhi joto la sufuria) nililolinunua kwa msuka vikapu sokoni limestahili bei yake. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchemka kwa nguvu dakika 20 jikoni (mekundu yasipochemka hivyo hudhuru tumbo), kisha sufuria, ikiwa imefunikwa na bado inatokota, huingizwa kapuni kati ya mito iliyoshindiliwa vitambaa, ambako joto lake lenyewe huendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa. Wali nao hutoka umechambuka. Kasoro yake ni kwamba kitambaa cha ndani hunasa harufu ya vitunguu na kukitoa ili kifuliwe ni kazi; aidha, chakula kidogo katika sufuria kubwa hupoa kabla hakijaiva.