Siku nne BIO ya Boston: usikate tiketi ya kutazama tu

Wiki hii watu kama watatu wameniuliza ile BIO inalipa au ni kwenda kupiga picha na beji shingoni, naandika mara moja nisirudie rudie. Jibu fupi: inalipa kama umeenda na meza, yaani tiketi inayokuruhusu kukaa na watu wa kampuni nyingine ana kwa ana. Bila meza umeenda kutembea, na kwa gharama zile heri ungebaki nyumbani ukalala.

Kwa asiyeijua, BIO International Convention ni gulio la bioteknolojia. Sio maonyesho ya kisayansi, ni gulio kabisa, watu wanauziana dawa ambazo bado hazijawa dawa. Inaandaliwa na chama cha kampuni za bioteknolojia cha Marekani, chenyewe kinaitwa BIO, kilizaliwa 1993 vyama viwili vilipoungana. Mwaka 2024 walikuwa San Diego, 2025 ikawa Boston tarehe 16 hadi 19 Juni, 2026 San Diego tena. Watu kama elfu 20 ndani ya jengo moja, we fikiria tu foleni ya kahawa.

Tulienda wawili, mimi na bosi. Kampuni yetu ndogo, tunatengeneza vitendanishi vya kupima magonjwa, yaani zile kemikali zinazofanya kipimo kitoe majibu, vyetu ni vya unga mkavu visivyotaka friji. Bosi katika kubana matumizi akanikatia mimi tiketi yenye mikutano ya ana kwa ana, yeye akachukua ile ya kawaida ya kuingia ukumbini na kusikiliza mada, akasema wewe ndo unayeijua sayansi. Alijuta siku ya kwanza saa nne asubuhi.

Maana uhondo wote uko kwenye ile mikutano, wao wanaita BIO One-on-One Partnering. Wiki kadhaa kabla mfumo unafunguliwa mtandaoni, unajaza mnafanya nini, bidhaa imefikia wapi, mnatafuta hela au leseni au mtu wa kuwatengenezea, halafu unaanza kutongoza. Kutongoza kabisa, unamwandikia mtu mistari minne na yeye ana mia wengine wanaomwandikia hivyo hivyo. Nilituma maombi 60, waliokubali 14, waliokataa kistaarabu 9, waliobaki kimyaa kama maji mtungini. Akikubali, mfumo wenyewe unawapangia saa na namba ya kichumba. Kwa siku hizo chache inafanyika zaidi ya mikutano 40,000, walishapata hadi rekodi ya dunia ya Guinness kwa hilo.

Vichumba vyenyewe ni kuta nyepesi, meza, viti vichache, basi. Unamsikia jirani anavyobembeleza. Nusu saa ikiisha wote mnanyanyuka kama wanafunzi kengele imelia, korido inafurika watu wanatafuta namba.

Mkutano wangu wa tatu ndo ulionifundisha kazi. Mama mmoja wa makamo, kampuni ya vipimo, hata slaidi zangu hakuzitaka. Nikatoa kichupa chenye unga wetu nikakiweka mezani, akakiinua kwenye taa akakigeuza, unga ukaserereka upande mmoja. Akaanza kuuliza tumeupima ukae kwenye joto gani na kwa muda gani bila kuharibika.

"Nyuzi joto ngapi?"
"40."
"Miezi?"
"6."
"Matoleo mangapi?"
Hapo nikameza mate. "Moja."

Akanirudishia kichupa taratibu tu bila kukunja sura, akasema nikiwa na data za matoleo matatu nimtafute. Na ana haki, toleo ni unga uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na moja likikaa vizuri inaweza kuwa bahati, mdhibiti yeyote wa kuidhinisha vipimo atakuuliza matatu. Dakika 11 tumemaliza, zilizobaki akanipa majina ya watu wengine wawili wa kuwaona. Nusu saa ile ilinifaa kuliko mada zote.

Kuna kampuni nyingine, siitaji, ilikubali mkutano kisha haikutokea. Nimekaa peke yangu kwenye kichumba natazama ukuta. Ujumbe wa samahani haujaja mpaka leo.

Huku nyuma bosi anazunguka ukumbini. Kila nchi ina banda lake, Korea Kusini, Japani, Ujerumani, Ubelgiji, Australia, majimbo ya Marekani nayo yana ya kwao, na ukipita jioni kwenye baadhi utakuta vinywaji. Alirudi kwenye banda la Samsung Biologics mara mbili kwa kushangaa tu, "hii ni Samsung ya simu?" Ndio, ukoo ule ule, ila hawa wanatengeneza dawa za watu wengine kwa mkataba kule Incheon, Korea Kusini, wana matangi ya kukuzia seli yenye ujazo wa jumla lita 784,000. Seli zinazotumika sana kwenye kazi hiyo asili yake ni ovari ya hamsta, yule panya wa kufugwa. Bosi akakataa kuamini mpaka nikamwonyesha kwenye simu.

Sasa usiogope udogo wenu, hao wakubwa nao wana njaa. Chukua kampuni ya dawa ya Merck na Keytruda, dawa yao ya saratani, 2024 peke yake imeuza dola bilioni 29.5 na hataza zake muhimu za Marekani, yaani haki ya kuiuza peke yao, zinafika mwisho 2028. Pengo kama hilo hulizibi na kitu kimoja, ndo maana wanatuma watu wakae vichumbani kutwa nzima wakisikiliza vikampuni vya watu sita. Ila wanachotafuta zaidi ni dawa, sisi wa vipimo inabidi uchague wa kumwandikia kwa makini, mimi nusu ya yale maombi 60 nilituma kwa watu wasiohusika kabisa.

Usafiri rahisi. Kutoka uwanja wa ndege wa Logan basi la Silver Line ni bure, shuka kituo cha World Trade Center halafu tembea kidogo tu mpaka ukumbini. Kulala pale Seaport, mtaa wa ukumbi wenyewe, bei haishikiki, sisi tulikaa Quincy, mji wa jirani, unapanda treni ya Red Line mpaka South Station unaunganisha Silver Line, nauli dola 2.40. Viatu vaa vilivyozeeka, vyangu vya ngozi vipya vilinichuna kisigino nikaimalizia siku ya pili nachechemea mbele ya wawekezaji. Na usikubali mkutano wa maana Alhamisi, safari hii iliangukia Juneteenth tarehe 19, sikukuu ya taifa Marekani, mchana watu wanaburuza masanduku.

Nyota ngapi? Kwangu mimi 4 kwa 5. Bosi anatoa 2, lakini yeye alirudi na mifuko ya kitambaa saba, kalamu nyingi na hajakaa na mtu hata mmoja.

Toleo la pili tumeliingiza kwenye kabati la joto jumatatu, la tatu linafuata. Kile kichupa kiko mezani kwangu hapa, bado kina alama ya kidole cha yule mama.