Nukta nyekundu: nyota moja. Au tatu. Someni tu

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa nikijiambia yaishe. Hayajaisha, basi ngoja niandike. Na wale mtakaoanza na "mzee, bunduki ya nini" niwajibu mapema: naishi Texas, jamaa yangu ana shamba nje ya mji, na nguruwe pori wakiingia usiku mmoja tu utadhani limepita trekta. Tangu Septemba 2019 jimbo hili halidai hata kibali cha uwindaji kwa nguruwe hao, mradi uko kwenye ardhi ya mtu na mwenyewe kakuruhusu. Bunduki ni AR-15 ya kawaida, nusu otomatiki, kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja. Yenyewe haina shida. Shida ni kile kidude cha kulengea kilichokaa juu yake.

Mimi kulenga shabaha nilifundishwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, kabla mafunzo yake ya lazima hayajasimamishwa mwaka 1994, kwa bunduki ya SAR iliyochoka, afande kasimama nyuma yangu: mfuo wa nyuma, ncha ya mbele, bana pumzi, vuta taratibu. Sikuwa mbaya. Lakini macho yale si haya. Siku hizi ile ncha ya mbele naiona kama iko ndani ya moshi, ndiyo maana nikaamua kununua kilengeo cha nukta nyekundu. Ni kile kioo kidogo unachotazama macho yote mawili yakiwa wazi, na risasi inakwenda pale nukta ilipo. Kila niliyemuuliza alisema hakuna kilicho rahisi kuliko hicho.

Nikaenda dukani Jumamosi moja. Nyuma ya kaunta kuna kijana, ndevu zimechongwa kwa rula. Nilipofungua mdomo na Kiingereza changu cha Tanga, akaanza kuyavuta maneno polepole kama anamlisha mtoto uji. Nikamuuliza swali moja tu: zile za prizma pale pembeni, za kulengea kupitia kipande cha kioo kilicho ndani, zina tofauti gani na hii? Akasema hizo ni za watu wanaopenda kujisumbua, wewe chukua hii, itakufaa. Sasa sikilizeni. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa inaning'inia kifuani kwa kamba yake. Aliitazama. Naapa aliitazama. Hakuniuliza neno juu ya macho yangu. Akaskani boksi.

Uwanjani, yadi 50, nikaiwasha. Nukta tatu.

Si tatu kamili. Moja nene, na mbili zimeng'ang'ania ubavuni mwake, kama kishada cha zabibu kilichobanwa mlangoni. Sasa nilenge na ipi? Nikalenga na ya juu, risasi zikaenda chini. Nikalenga na ya chini, zikaenda zinakojua zenyewe. Karatasi ilipokuja ilikuwa kama imeliwa na panya. Meza ya jirani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima mwenye bunduki ya rangi ya waridi, matundu yake yote yamekaa pamoja kama familia. Akanichungulia, akanionea huruma. Ile huruma iliniuma kuliko hela.

Nikadhani kimelegea. Nyumbani nikakaza skrubu zote, kila moja nikaichora mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, ujue skrubu imezunguka. (Mke wangu hadi leo anaulizia kile kichupa.) Nikarudi uwanjani. Mistari yote mizima, na zabibu ziko palepale.

Basi nikakirudisha dukani na hasira zangu. Kijana yuleyule. Akachungulia sekunde mbili, akacheka. Akatoa simu, akaiweka nyuma ya kioo, akapiga picha, akanigeuzia: nukta moja, duara safi. "Simu yangu haina astigimatizimu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni. Watu wakacheka. Mimi na mvi zangu nimesimama pale na boksi mkononi kama kuruta aliyepoteza kofia.

Na alikuwa sahihi, ndiyo kinachoniudhi zaidi! Astigimatizimu ni kasoro ya jicho: ukiwa nayo mwanga wa nukta unatapakaa, hata kifaa kiwe cha bei gani. Lakini jaribio lile la simu ni la nusu dakika. Kuna jingine halihitaji hata simu: unakizungusha kifaa huku unachungulia, doa likibaki limeelekea kulekule, ugonjwa ni wako, si wa kifaa. Angenionyesha Jumamosi ile ya kwanza tungeachana kwa amani. Badala yake akanikata asilimia 15 "kwa sababu boksi limeshafunguliwa". Nikaongeza hela, nikachukua prizma. Ile ile ya watu wanaopenda kujisumbua.

Haya, prizma. Nitasema kweli: ni nzuri. Alama yake imechongwa kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo betri ikifa bado unaiona, nyeusi, imekaa. Nyuma kuna kipete unachozungusha mpaka alama inakuwa kali kwa jicho lako wewe. Yadi 100, risasi tano, nikazifunika zote kwa mfuniko wa kopo la kahawa. Nilimtafuta yule mama wa waridi, siku hiyo hakuja. Nikaandika kwenye kikaratasi: nyota tano.

Halafu nikaenda nayo shambani. Jicho lazima likae inchi tatu hivi kutoka kwenye kioo; sogea kidogo, unaona giza. Nguruwe haningojei nitafute mkao. Walitoka sita kwenye majani, nikahangaika na shingo kama kuku anayekunywa maji, nilipopata picha wameshafika wilaya nyingine. Na ni nzito, mbele kunavuta. Nyota tatu.

Binti yangu, aliyechoka kunisikia, akasema, "Baba, si ukapime macho tu?" Nikaenda. Miwani yangu yote ya maisha nimenunua famasi, unajaribu hii, unajaribu ile, unalipa. Na nikilenga naivua, kwa kuwa ya mbali naona vizuri. Ndivyo nilivyojua. Daktari akaniandikia karatasi yenye safu ya CYL, yaani kipimo cha hiyo astigimatizimu, jicho la kulia 1.75, akanieleza kuwa konea yangu, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haikuviringana kama mpira, imekaa kama yai. Huenda naendesha gari usiku miaka yote hii nikiona taa zina ndevu, nikidhani kila mtu anaziona hivyo.

Juzi nikaenda shamba na miwani mpya. Jamaa yangu ana nukta nyekundu ya aina ileile niliyoirudisha, ileile kabisa. Nikamwomba niitazame. Nikaipandisha begani, nikaiwasha.

Moja. Duara, ndogo, imetulia kama punje ya komamanga.

Akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamrudishia bunduki yake, nikamwambia iko sawa. Sikumweleza, na nyinyi msimweleze. Kifaa kile nakipa nyota zake tano, haki yake. Duka lile halipati hata nusu. Aliitazama miwani yangu yule, na asilimia 15 yangu bado naidai.